Darasa la jioni mtaani: mwongozo kamili wa kuwafikisha watu wazima kwenye QT na Kidato cha Nne jijini Dar es Salaam

Mtu mzima aliyeishia darasa la saba hazuiwi na umri kuufanya mtihani wa Kidato cha Nne. Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, huwapokea kila mwaka watahiniwa wa kujitegemea, na karatasi wanayoijibu inapimwa kwa viwango vilevile vya mwanafunzi wa shule. Kinachowazuia wengi hapa jijini ni saa. Mama anayeuza ndizi Buguruni anaondoka nyumbani kabla ya alfajiri, mlinzi wa Masaki anabadilishana zamu saa kumi na mbili, na dada wa kazi wa Tegeta ana Jumapili moja ya mapumziko. Ukiwawekea darasa lililopangwa kwa saa za shule, umewafungia mlango ambao Baraza limeuacha wazi.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuanzisha darasa la aina hiyo katika mtaa wake: mwalimu mstaafu, kikundi cha vikoba, kamati ya msikiti au ya kanisa, mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyechoka kuwaona vijana wakikaa kijiweni. Nimefundisha madarasa ya jioni kwa miaka kadhaa, na yaliyomo humu yametokana na kazi hiyo, pamoja na makosa niliyoyafanya mwenyewe.

Fahamu kwanza njia zilizopo, kisha ujue nani apite wapi

Usianze kwa kutafuta chumba. Anza kwa kuelewa kwamba "elimu ya watu wazima" ni jina moja lenye milango mingi, na mtu akielekezwa mlango usio wake atapoteza mwaka mzima.

Ambaye hajui kusoma na kuandika, au aliyeacha shule katika madarasa ya chini, hafai kupelekwa moja kwa moja kwenye masomo ya sekondari. Kwa watu wazima wa kundi hili upo Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, yaani MUKEJA, unaounganisha kisomo na shughuli za kujiongezea kipato. Kwa watoto na vijana waliopitwa na umri wa kuandikishwa upo Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, yaani MEMKWA. Yote miwili huratibiwa kupitia halmashauri, hivyo mtu wa kumwona ni Afisa Elimu Kata, au Afisa Elimu ya Watu Wazima katika manispaa yako.

Aliyemaliza darasa la saba lakini hakusoma sekondari, au aliyeacha kabla ya kufaulu Upimaji wa Kidato cha Pili, anapaswa kufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao mitaani wote wanauita QT. Mtihani huu unapima maudhui ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, na kuufaulu ndiko kunakompa mtu sifa ya kusajiliwa kwa Kidato cha Nne. Kwa kawaida vituo hugawa safari hii katika hatua mbili: mwaka mmoja wa kujiandaa kwa QT, na mwaka mwingine wa kumaliza maudhui ya Kidato cha Tatu na cha Nne.

Aliyefaulu Kidato cha Pili kisha akaacha shule hahitaji QT. Aliyefanya Kidato cha Nne akapata matokeo hafifu naye haihitaji. Huyu anarudia, au kama vijana wanavyosema, anarisiti, na anaweza kuchagua masomo anayoyahitaji tu badala ya kuanza upya na mzigo wote. Nimewaona watu waliokuwa na D tatu wakishawishiwa kusoma miaka miwili na kulipa ada za miaka miwili, ilhali walichopungukiwa ni somo moja.

Wasichana waliokatishwa masomo, hasa kwa sababu ya ujauzito, wana njia inayostahili kutajwa peke yake. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliopata ujauzito wanaruhusiwa kurejea shuleni, na sambamba na ruhusa hiyo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha masomo ya sekondari kwa njia mbadala chini ya SEQUIP, mradi wa Serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Binti akifika kwako, muulize kama anaijua njia hii kabla hujamwandikisha kwenye darasa la kulipia.

Taasisi hiyo, TEWW kwa kifupi, ilianza mwaka 1960 kama idara ya masomo ya nje ya chuo na ikawa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya mwaka 1975. Makao yake yapo hapahapa Dar es Salaam. Ndiyo inayoandaa moduli za kujisomea kwa wanafunzi wa nje ya shule na kusimamia vituo vya sekondari huria. Ziara moja katika ofisi zake, kabla hujafanya jambo lingine lolote, itakuokolea miezi.

Hesabu kalenda kutoka mwisho kuja mwanzo

Hapa ndipo madarasa mengi ya mtaani yanapokufa. Mtu anapata ari mwezi Machi, anakusanya wanafunzi mwezi Aprili, na mwezi Mei anagundua kwamba usajili wa mtihani wa mwaka huo umekwisha kufungwa.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari na huendelea hadi mwisho wa Februari kwa ada ya kawaida. Baada ya hapo huwa kuna mwezi wa kuchelewa, Machi, wenye ada ya juu zaidi. Mitihani ya Kidato cha Nne na QT hufanyika Novemba, na matokeo kwa kawaida hutoka Januari inayofuata. Kwa misimu ya karibuni ada ya kawaida imekuwa shilingi 50,000 kwa Kidato cha Nne na shilingi 30,000 kwa QT. Soma tangazo la Baraza la mwaka husika kabla ya kumtajia mwanafunzi kiasi chochote.

Kutokana na tarehe hizo, darasa linalolenga QT ya Novemba lianze Septemba ya mwaka uliotangulia. Orodha ya wanafunzi iandaliwe Agosti. Hivyo utakuwa na miezi minne ya kuwafahamu watu wako kabla ya kuwalipia usajili, nao watakuwa na miezi minne ya kujipima. Yule ambaye maisha hayamruhusu kuendelea atajitoa kabla fedha yake haijazama, na yule aliyedhani hawezi atakuwa ameshaona kwamba anaweza.

Ada nayo ihesabiwe kwa namna hiyo. Shilingi 50,000 zikidaiwa kwa mkupuo Februari, mwezi ambao wazazi wengi bado wanalipa madeni ya sare na madaftari ya Januari, ni ukuta. Zikigawanywa kwa miezi kumi kuanzia Aprili hadi Januari, ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Anzisheni kibubu cha darasa chenye mweka hazina na daftari, kila mmoja awe na ukurasa wake, na kila malipo yasainiwe na pande zote mbili. Mwalimu asiwe mweka hazina. Nasisitiza hilo kwa uzito, kwa sababu fedha ya usajili ikipotea mikononi mwa mwalimu, darasa halipati tena mtu wa kuliamini katika mtaa huo.

Chumba, ruhusa na taa

Shule za msingi za Serikali zina madarasa ambayo hubaki matupu jioni, na hakuna jengo lililo karibu zaidi na watu. Andika barua kwa mkuu wa shule, nakala kwa kamati ya shule, Afisa Elimu Kata na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Barua iseme siku na saa za kutumia chumba, nani atakayefunga mlango, nani atakayelipia umeme, na nani atakayefagia. Mkuu wa shule hukataa kwa sababu anaogopa asubuhi akute madawati yamevunjika na ubao umejaa maandishi. Mjibu hofu hiyo kabla hajaitamka. Lipeni LUKU kwa zamu, na risiti mpelekeeni.

Kama shule haiwezekani, ukumbi wa kanisa, madrasa au ofisi ya serikali ya mtaa unafaa. Kagua chumba usiku, wala si mchana. Kaa dawati la nyuma ukiwa umewasha taa na usome gazeti. Ukishindwa kuzisoma herufi ndogo, wanafunzi wenye miaka arobaini hawatauona ubao. Kagua choo. Tembea kwa miguu kutoka chumba hadi kituo cha daladala saa mbili usiku, na kama wewe ni mwanaume, mwombe mwanamke aitembee njia hiyo akupe maoni yake. Darasa lililo mita mia tatu kutoka kituo cha mwendokasi pale Manzese litajaa zaidi kuliko darasa zuri lililojificha nyuma ya uchochoro.

Kuhusu sheria: kituo kinachojitangaza kutoa elimu ya sekondari na kutoza ada kinapaswa kuwa kimesajiliwa. Njia nyepesi kwa wanaoanza ni kujishikiza kwenye kituo ambacho tayari kimesajiliwa, kikawa mlezi wenu kwa mwaka wa kwanza. Mtafahamu jinsi kazi inavyokwenda, na wanafunzi watakuwa na mahali panapotambulika.

Ratiba: sehemu inayoamua kila kitu

Usipange ratiba kabla ya kuuliza. Mpe kila anayejiandikisha karatasi yenye siku saba na saa za mchana na usiku, aweke alama kwenye saa ambazo kweli yuko huru. Kisha tandaza karatasi hizo mezani. Mara nyingi utaona makundi mawili au matatu yanajitokeza yenyewe. Walinzi wa usiku wako huru asubuhi baada ya kulala kidogo, kuanzia saa tano. Wauza chakula cha mchana huwa wamefunga kazi saa kumi. Mafundi na wafanyakazi wa maduka ya Kariakoo hawatoki kabla ya saa kumi na mbili, na foleni ya kurudi Mbagala au Gongo la Mboto inawala saa nzima. Ikiwa una watu wa Kariakoo wengi, afadhali darasa liwe Mnazi Mmoja, karibu na wanapofanyia kazi, wasome kabla ya kupanda gari, kuliko kuwangojea mtaani kwao wakiwa wamekwisha choka.

Wastani unaobebeka ni jioni tatu za saa mbili na Jumamosi moja ya saa nne, yaani saa kumi kwa wiki. Tufanye hesabu ya mwaka wa Kidato cha Nne. Kutoka Januari hadi mwisho wa Oktoba kuna wiki arobaini na tatu hivi. Toa sikukuu, misiba, mvua za masika zinazofunga barabara ya Jangwani, na utabaki na wiki thelathini na nane. Hizo ni saa 380. Ukizigawa kwa masomo saba, kila somo linapata takriban saa 54. Huwezi kufundisha silabasi nzima kwa saa 54, na anayekuahidi kwamba anaweza hajawahi kujaribu. Kwa hiyo saa za darasani zitumike kwa yale ambayo mtu hawezi kujifunza peke yake, na mengine yapewe moduli na kazi za nyumbani.

Jua linazama Dar es Salaam kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo karibu mwaka mzima. Wekeni mapumziko ya robo saa wakati wa magharibi, na iandikwe kwenye ratiba, ili anayekwenda kuswali asionekane mtoro na asikose mfano muhimu ubaoni. Mwezi wa Ramadhani sogezeni vipindi vyote baada ya alasiri, vimalizike watu wawahi futari. Darasa ambalo halikubadilisha saa katika mwezi huo hupoteza wanafunzi ambao hawarudi hata baada ya Idi.

Kuandikisha bila kuaibisha

Mtu mzima anayekuja kuandikishwa amebeba kitu kizito moyoni. Baadhi hawajawaambia hata watoto wao. Mpokee mmoja mmoja, mwite Mama, Baba, Kaka au Dada kama anavyoitwa mtaani, na usimuulize mbele ya wengine kwa nini aliacha shule.

Mazungumzo yana mambo matatu tu: uliishia wapi na una cheti gani, unataka kufika wapi, na una saa zipi. Kisha mpe zoezi dogo la nusu saa: aandike barua fupi kwa Kiswahili, afanye mgawanyo mrefu na sehemu mbili, asome aya moja ya Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili alichoelewa. Zoezi hili halimpi alama wala halimkatai mtu. Linakuonyesha wewe mahali pa kuanzia.

Swali la pili, la kufika wapi, lichukulie kwa makini, kwa kuwa ndilo linaloamua masomo. Anayetaka kozi za afya kwa kawaida anatakiwa kubeba Biolojia, Kemia na Fizikia, na ajue kwamba upo upande wa vitendo. Muulize mapema msimamizi wa kituo cha mtihani jinsi sehemu hiyo itakavyofanyika. Anayetaka kozi ya astashahada katika biashara, maendeleo ya jamii au utunzaji kumbukumbu anaweza kuyaacha. Kiwango cha chini cha kozi nyingi za ngazi ya cheti ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kwa kuanzia D. Na D inaanzia alama 30. Nilipoyaandika ubaoni maneno hayo mawili, "masomo manne, alama thelathini", mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma aliomba nirudie, kisha akayanakili kwenye jalada la daftari lake. Miaka yote aliamini kwamba anatakiwa kufaulu kila kitu.

Hilo lisigeuke kuwa shabaha ya uvivu. Anayetaka Kidato cha Tano anahitaji C tatu, na C inaanzia 45. Lakini mwanafunzi ajue ngazi ziko wapi: A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano, zikijumlishwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la nne linafika hadi pointi 33. Mwenye D nne na F tatu ana pointi 31, na tayari anashika cheti chenye daraja.

Nyaraka na majina

Fungua faili la kila mtu Septemba ileile. Ndani yake ziwepo nakala za cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba au barua kutoka shule aliyosoma, namba ya mtihani kwa aliyewahi kufanya QT au Kidato cha Nne, na picha ya pasipoti. Aliyepoteza cheti aanze kwa polisi kupata taarifa ya upotevu, kisha arudi shuleni kwake au ofisi ya elimu ya halmashauri ile. Akitokea Kigoma au Mtwara safari hiyo ni ndefu, ndiyo maana isisubiri Februari.

Jambo linalowakwaza wanawake wengi ni majina. Shuleni alikuwa anatumia jina la baba, kwenye kitambulisho cha taifa ameandika la mume, na mtaani anajulikana kwa la mtoto wa kwanza. Jina atakalosajiliwa ndilo litakalokuwa kwenye cheti, na tofauti ya herufi moja kati ya cheti hiki na kile huja kumsumbua siku ya kuomba chuo. Ajisajili kwa jina la cheti chake cha awali, na kama amelibadilisha kisheria, hati ya mabadiliko iwe kwenye faili.

Usajili wenyewe unakwenda hivi: mwanafunzi anakwenda kwenye kituo cha mtihani anachokichagua, ambacho kwa watahiniwa wa kujitegemea namba yake huanza na herufi P, anapata namba rejea kutoka kwa mkuu wa kituo, analipa ada kwa namba ya malipo ya Serikali kupitia benki au simu, kisha anajaza taarifa zake kwenye mfumo wa Baraza mtandaoni. Usiwaache wakalifanye hili peke yao kwa mtu wa stesheneri. Tenga Jumamosi mbili za Januari, leta kompyuta moja, na kila mmoja asome kwa sauti jina lake, tarehe ya kuzaliwa na orodha ya masomo kabla kitufe cha mwisho hakijabonyezwa. Chapisha nakala mbili.

Kufundisha: Kiingereza kwanza, kisha Hesabati, kisha mengine

Elimu ya msingi wameipata kwa Kiswahili, na mtihani wa sekondari, isipokuwa somo la Kiswahili na mengine machache, wataufanya kwa Kiingereza. Hakuna kikwazo kikubwa kuliko hiki. Nimemfundisha fundi magari aliyejua kuhusu joto, msuguano na umeme kuliko nilivyojua mimi, akashindwa swali la Fizikia kwa sababu hakujua neno moja lililotumika kuuliza.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza, nusu ya saa zote zipewe Kiingereza, na Kiingereza hicho kiwe cha mtihani. Wafundishe maneno yanayoagiza: "state" inataka utaje tu, "explain" inataka sababu, "differentiate" inataka pande mbili zilinganishwe hoja kwa hoja. Kila somo liwe na daftari dogo la istilahi, Kiingereza kushoto na maana kwa Kiswahili kulia, maneno kumi kwa wiki. Eleza dhana kwa Kiswahili mpaka ieleweke, kisha andikeni jibu lake pamoja kwa Kiingereza. Mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza kitupu ili aonekane msomi anawapoteza watu, na anayefundisha kwa Kiswahili kitupu ili apendwe anawapeleka mtihanini bila silaha.

Hesabati huogopwa na karibu wote, ilhali hawa ndio watu wanaopiga hesabu ya faida kwa kichwa sokoni. Anza na asilimia, uwiano na riba kwa mfano wa mkopo wa vikoba. Kiswahili, Uraia na Historia ndizo ngome zao. Mtu mzima ana hoja na ana maisha ya kutolea mifano, anahitaji tu kufundishwa kupanga utangulizi, kiini na hitimisho.

Walimu watafute kati ya wastaafu na wahitimu wa vyuo wanaosubiri ajira. Walipeni kwa kipindi, hata kama ni kidogo, na mlipe siku ileile mliyoahidi. Mwalimu wa kujitolea asiyepewa hata nauli atakuja wiki sita.

Kuhusu vitabu, usiwauzie wanafunzi rundo la vitini. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bure, na NECTA huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani pamoja na ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo zinaonyesha swali kwa swali watu walikosea wapi. Kwangu mimi ripoti hizo zina thamani kuliko kitini chochote. Zingatia pia kwamba mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika kwa awamu tangu 2024, kwa hiyo linganisha fomati ya mwaka wako na kitabu ulichonacho. Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo barabara ya Bibi Titi Mohamed ina meza, ukimya na mwanga, mambo matatu yasiyopatikana katika chumba kimoja cha kupanga chenye watu watano.

Si kila mwanafunzi ana simu janja. Wenye kitochi wapelekewe ujumbe mfupi wa maandishi wenye swali moja kila asubuhi. Wenye simu janja wapate maelezo ya sauti. Kikundi cha WhatsApp kisiwe ndiyo njia pekee ya kutangaza mabadiliko ya ratiba.

Kuwashika wasipotee

Utoro wa mtu mzima una sababu inayotajika: mtoto anaumwa, mwajiri amebadilisha zamu, mume hajaridhia, nauli imeisha. Aibu ya kukosa vipindi viwili ndiyo inayougeuza utoro kuwa kuacha. Wekeni kanuni kwamba anayekosa mara mbili anapigiwa simu siku ileile na mwanafunzi mwenzake, wala si na mwalimu, na simu hiyo isianze na swali la "mbona huji". Ianze na kumjulia hali, kisha aambiwe mmefika ukurasa gani na nani atamsaidia kufidia.

Wenye watoto wachanga waje nao. Tengeni kona yenye mkeka, na mlipeni mama mmoja wa jirani awaangalie. Gharama hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kuwapoteza nusu ya wanawake wa darasa.

Waajiri waendewe kwa barua na kwa heshima. Nchi hii ina historia ya jambo hilo: mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 yalitolewa maelekezo ya Waziri Mkuu kuhusu elimu ya wafanyakazi mahali pa kazi. Madarasa yalifunguliwa viwandani na maofisini. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki takriban mmoja kati ya kumi. Mwajiri wa leo haombwi mengi. Anaombwa asimpangie mtu wake zamu ya jioni Jumanne na Alhamisi, na ampe ruhusa wiki za mtihani. Barua ya kuomba ruhusa ya Novemba ipelekwe Septemba, ikiwa na nakala ya ratiba ya mtihani mara tu inapotoka.

Wiki za mwisho

Kuanzia Septemba kila Jumamosi iwe mtihani kamili, karatasi moja kwa saa tatu, kimya, bila kutoka ovyo. Sababu si maarifa peke yake. Mkono wa mtu aliyekaa miaka ishirini bila kuandika unachoka baada ya dakika arobaini, na kuchoka huko hakutibiwi usiku wa kuamkia mtihani. Wafundishe kugawa muda kwa maswali na kuanza na wanalolimudu.

Wiki moja kabla, wote watembelee kituo cha mtihani, waone lango, chumba na choo, na wapime muda wa daladala saa za asubuhi. Simu ibaki nyumbani. Kukutwa nayo ndani ya chumba cha mtihani kunaweza kumfutia mtu matokeo yote.

Januari matokeo yakitoka, kutaneni ndani ya wiki hiyohiyo, kwa sababu dirisha la usajili linalofuata huwa tayari liko wazi na linafungwa mwisho wa Februari. Kaa na kila mmoja kwa dakika ishirini akiwa na karatasi ya matokeo yake. Aliyefaulu QT asajiliwe kwa Kidato cha Nne. Aliyepata D tatu aambiwe ni somo lipi moja litakalomfikisha kwenye kozi ya cheti, na alisajili hilo. Aliye tayari kwa kozi achukue orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Fundi ambaye anaona vitabu si njia yake aelekezwe chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe, aulizie urasimishaji wa ujuzi alioupata kazini. Asiyefika kwenye kikao hicho apigiwe simu kabla jua halijazama.